Barua ya msaada wa ada: usiishie kwenye jumla

Mdogo wangu, hongera kwa kupata nafasi. Umesema barua ya chuo inaonyesha "msaada" unaofunika gharama zote, ila mama anauliza mtalipa nini. Mama ana hoja.

Shika kalamu. Kilichoandikwa ruzuku au ufadhili hakirudishwi, ingawa ufadhili mwingine hukatwa iwapo alama zako zitashuka. Kilichoandikwa mkopo ni deni, hata kikipangwa safu moja na vingine. Kazi ya chuoni ni ujira utakaolipwa baada ya kuifanya, haimo mkononi siku ya usajili. Mimi nilijumlisha vyote nikashangilia. Kumbe zaidi ya nusu ilikuwa mkopo! Gharama ikiwa 100, ruzuku 40, mkopo 50 na kazi 10, mzigo wako ni 60.

Kabla hujasaini mkopo, uliza riba inaanza lini. Ikianza ukiwa bado darasani, deni linanenepa huku wewe unasoma. Wakitaka mdhamini, mpe mwanasheria mkataba ausome kwanza, maana ukishindwa kulipa watamgeukia huyo mdhamini.

Kuhusu baba kuachishwa kazi baada ya fomu ya kuomba msaada kutumwa: usinyamaze. Iandikie ofisi ya misaada, ambatisha barua ya kuachishwa, omba wakutathmini upya. Vyuo vingi huwa na utaratibu huo, ila hawautangazi sana. Fanya wiki hii, kwani ruzuku nyingine huisha mapema.

Na huyo anayetaka umlipe "akupitishie" maombi, achana naye kabisa.