Je, vimelea vya malaria huingia ndani ya ubongo?

Dada wa Newala, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama vimelea vya malaria vimeingia ndani ya ubongo wa mwanao aliyelazwa akiwa hana fahamu, na kama umpe vidonge vya deksamethasoni ulivyonunua dukani ili kupunguza uvimbe.

Vimelea vyenyewe kwa kawaida haviingii ndani ya ubongo. Hubaki katika chembe nyekundu za damu, ambazo huota vinundu vidogo na kunasa kwenye kuta za mishipa myembamba, kama utomvu wa mkorosho unavyoganda vidoleni. Kinachozishika ni protini za kunatia zilizo juu ya seli za ukuta huo, mojawapo ikiitwa ICAM-1, ambayo huongezeka kinga ya mwili inapochachamaa. Damu ikikwama, seli hizo hulegea, kizuizi kati ya damu na ubongo huvuja, na ubongo huvimba.

Wazo lako lina mantiki (hata madaktari waliwahi kuwaza hivyo), lakini jaribio lililofanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 1982 lilionyesha kwamba deksamethasoni ilirefusha muda wa kupoteza fahamu. Usimpe. Kinachookoa ni sindano ya atesuneti, inayotolewa mgonjwa anapofika, kisha baada ya saa 12 na 24, halafu dawa ya mseto anapoweza kumeza. Ukiambiwa apelekwe Mtwara mjini, mwondoke saa ileile. Akisharuhusiwa, apimwe usikivu, nawe uangalie kama degedege linarudi na kama anafuata masomo.