Dogo kakamatwa kwa kesi ya simu, kituoni wanataka laki tatu ya dhamana: usiuze kitu, soma hapa kwanza

Pole sana mkuu. Umeuliza kama uuze cherehani ya mama mpate hiyo laki tatu, dogo yuko sero tangu juzi jioni kwa tuhuma ya kuiba simu. Jibu fupi: usiuze. Jibu refu ndo hili, naliandika kama mtu aliyesimama mdhamini wa watu kibao, wapwa, majirani, kijana aliyekuwa ananiuzia duka, mpaka karani wa mahakama ya mwanzo ya huku kwetu akiniona mlangoni anauliza leo tena umemfuata nani.

Dhamana ya polisi kwa hapa Tanzania ni bure. Bure kabisa, vituo vingi wameandika hadi kwenye bango ukutani na wewe utakuwa umesimama chini ya hilo bango huku mtu anakunong'oneza laki tatu. Unachotakiwa kupeleka ni mdhamini anayeeleweka, ana kitambulisho, ana makazi yanayojulikana, anasaini fomu kwamba dogo ataripoti siku atakayopangiwa, basi. Halafu kuna suala la saa 24, polisi wanatakiwa ndani ya huo muda wawe wamempeleka mahakamani au wamwachie kwa dhamana kama kosa sio lile zito. Dogo wako yuko tangu juzi, kwa hiyo leo asubuhi nenda, usiongee na huyo wa kunong'ona, omba kumuona mkuu wa kituo, ongea kwa adabu tu, "afande naomba utaratibu wa dhamana ya mdogo wangu, mdhamini ni mimi na nyaraka ninazo". Usiende na kelele za haki zangu haki zangu, najua inauma lakini pale kaunta sauti ya juu inakuchelewesha. Na ukitoa hela bila risiti jua umetoa rushwa, kesi ikigeuka huna pa kulilia.

Sasa kitu cha muhimu kuliko vyote: jua kosa limeandikwaje. Simu ile ile moja inaweza kuwa wizi, na wizi una dhamana. Simu ile ile wakiandika alimtishia mwenye nayo kwa kisu, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, hauna dhamana kisheria na akitiwa hatiani ni kuanzia miaka 30. Kwa hiyo muulize dogo vizuri kilichotokea, na mwambie asisaini maelezo ambayo hajasomewa akayaelewa. Zamani hapa watu waliumia sana maana ukiacha mahakama ya mwanzo ambako siku zote ni Kiswahili, kuanzia ya wilaya kwenda juu hati ya mashtaka kwa kawaida ilikuwa Kiingereza, mtu wa darasa la saba anasimama kizimbani anasomewa kitu anatikisa kichwa tu. Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama, sasa sikiliza kila neno, ukiona limeongezwa silaha wakati hakukuwa na silaha tafuta wakili siku hiyo hiyo.

Ikishindikana kituoni atapelekwa mahakamani, na hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Hakimu anasema "mshtakiwa awe na wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni mbili". Ndugu wakisikia milioni mbili wanatoka nje wanapiga simu kijijini kiwanja kiuzwe. Jamani bondi ni ahadi! Unasaini karatasi kwamba dogo akitoroka wewe ndo utadaiwa hiyo milioni mbili, siku ile hutoi hata mia. Kuna kesi nyingine hakimu anataka fedha taslimu au hati ya mali isiyohamishika, hasa zile za thamani kubwa, lakini kesi ya simu mara nyingi ni bondi na barua tu.

Hiyo barua sasa ndo shughuli. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unapokaa wewe mdhamini, sio anapokaa dogo. Iwe na picha yako ya pasipoti, na muhuri upande juu ya picha, nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi. Nimeona mama mmoja mtu mzima barua yake imerudishwa kwa sababu muhuri umegongwa pembeni ya picha, karani kaishika kaiangalia kwenye mwanga kamrudishia bila hata kuongea, mama karudi mtaani kwao na daladala mbili, mtendaji katoka kikao, alipofika tena mahakamani saa tisa na nusu karandinga lilishaondoka na mtoto wake kwenda mahabusu. Kesi ilikuwa ijumaa. Kwa hiyo barua chukueni leo, msisubiri hakimu aseme, na majina kwenye barua yafanane na ya kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, mambo ya Mohamed na Muhammad yanaweza kukulaza mtu ndani wiki mbili. Toa na kopi kabisa, kopi za nje ya mahakama ni bei ya kukomoana.

Hakimu atakuuliza maswali, usiogope. Unamfahamu vipi mshtakiwa, unakaa wapi, unafanya kazi gani, akikimbia utampata wapi. Jibu kifupi na ukweli. Mimi kuna mara niliulizwa nina uhakika gani kijana atakuja, nikamwambia mheshimiwa mama yake tunauza naye soko moja meza zinatazamana, akacheka akaandika.

Na hapa niseme ninachokiamini, watu wanadhani maskini anakaa ndani kwa kukosa hela. Kwa nilivyoona mimi, anakaa ndani kwa kukosa MTU. Mwenye nazo akikamatwa saa nne, saa sita washafika shemeji mwalimu, kaka mtumishi, jirani mwenye nyumba, wote wana vitambulisho vya kazi na barua zimenyooka. Kijana wa kuosha magari amepanga chumba, mwenye nyumba hataki kesi, marafiki zake hawana NIDA, mtendaji hamjui, ndo huyo unamkuta anatajiwa kesi upelelezi haujakamilika, upelelezi haujakamilika, miezi inakatika kwa kuku mmoja. Katiba ibara ya 13 inasema asichukuliwe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, lakini mwambie hivyo mtu anayelala ubavu mmoja kwa zamu.

Ndo maana nje ya mahakama kuna wale jamaa wa kukodi. Wamevaa mashati ya mikono mirefu, bahasha ya kaki mkononi, anakwambia nipe elfu hamsini namdhamini ndugu yako sasa hivi barua ninayo. KATAA. Barua nyingi ni za kughushi, hakimu akistuka dhamana inafutwa na wewe unaulizwa ulimtoa wapi.

Kitu kingine, mahabusu atakutana na wazoefu watamwambia kiri tu, utapigwa faini uende nyumbani. Mwambie mapema asikiri kosa ambalo hajafanya. Faini ya "laki tatu au miezi sita jela" kwa mwenye laki tatu ni usumbufu wa asubuhi moja, kwa asiyenayo ni miezi sita. Na akishakiri anatoka na rekodi ya wizi. (Kama kweli kaiba hiyo ni habari nyingine, aombe hakimu afikirie kifungo cha nje cha huduma kwa jamii, sheria yake ipo tangu 2002, ila watu hawaombi kwa sababu hawajui ipo.)

Wakili kama hamna uwezo, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia wasaidizi wa kisheria hapo wilayani kwenu kwa ofisi ya ustawi wa jamii au kwa mtendaji, na hawa hawatakiwi kukutoza.

Ukishamdhamini sasa kazi ndo inaanza. Tarehe za kesi ziandike ukutani, siku ya kesi mpitie asubuhi mwende wote, akiumwa pelekeni cheti cha hospitali kabla jina halijaitwa, asipotokea bila taarifa inatoka hati ya kumkamata na wewe unaitwa ujieleze kwa nini usilipe bondi. Ukiona dogo kaanza kuongelea kwenda kutafuta maisha machimboni, wahi mahakamani uombe kujitoa udhamini mapema, inaruhusiwa. Na kama uliweka hati ya nyumba au kadi ya pikipiki, siku kesi ikiisha usishangilie ukaondoka, rudi kwa karani na risiti yako uombe urudishiwe, mimi najua mzee mmoja kadi yake ilikaa kwenye faili mpaka faili likahamishiwa ghala na akaanza kuitafuta siku kapata mteja wa pikipiki.

Wakikuletea ngumu hapo kituoni, rudi hapa uandike wamekwambiaje neno kwa neno, tutakwambia pa kwenda.