Maswali ya Wasomaji: Doria, Kamera na Ushahidi Kando ya Ziwa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mwanza na visiwani, na nyingi zinahusu polisi, ulinzi wa mitaa na kesi zinazofia njiani. Tumechagua tano. Baadhi tumezifupisha.

SWALI: Mtaa wetu uko mlimani, upande wa Mabatini. Vijana sita wa ulinzi shirikishi wanazunguka na filimbi usiku kucha, lakini vibaka hawapungui. Sasa tunaambiwa tuchangie pikipiki ya doria. Itasaidia? – Mjumbe wa kamati ya ulinzi

JIBU: Pikipiki isubiri. Kuzunguka eneo zima bila mpango kulishapimwa zamani. Kati ya 1972 na 1973 polisi wa Kansas City, Marekani, waligawa maeneo 15 ya doria katika mafungu matatu. Kwenye fungu la kwanza magari ya doria yaliondolewa, polisi wakaingia pale tu walipoitwa. Kwenye la pili yakaongezwa mara mbili hadi tatu. La tatu likaachwa kama lilivyokuwa. Mwishoni uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana, wala wakazi hawakutambua kwamba kuna kilichobadilika. Ukitawanya walinzi wachache kila mahali, kila kona inapata dakika mbili za mlinzi, na kibaka anangoja mlinzi apite.

Baadaye watafiti wakaacha kuhesabu magari, wakaanza kuhesabu mahali. Utafiti wa jiji la Minneapolis, Marekani, uliotolewa mwaka 1989 ulionyesha kwamba takriban asilimia 3 ya anwani za jiji zilizaa nusu ya simu zote za kuita polisi. Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kujua asilimia 3 yenu iko wapi.

Chukueni daftari moja. Andikeni matukio yote ya miezi mitatu iliyopita: tarehe, saa, mahali hasa, kilichoibwa, mwizi alitokea wapi na alikimbilia wapi. "Mahali hasa" maana yake si "kule juu kwenye mawe". Ni "ngazi za mtaroni, kati ya duka la mkaa na bomba la maji". Waulizeni kina mama wanaotoka saa 10 alfajiri kwenda mwaloni au sokoni, kwa sababu wao hunyang'anywa pochi na hawaendi kituoni. Matukio yao ndiyo yanayokosekana kwenye takwimu zote. Mkimaliza, chagueni sehemu sita zilizojirudia zaidi.

Halafu badilisheni mwendo. Waliochunguza doria za Minneapolis waliona kwamba mlinzi akisimama sehemu moja dakika 10 hadi 15, utulivu huendelea kwa muda baada ya yeye kuondoka. Akizidisha hapo, faida ya kila dakika inapungua. Kwa vijana sita fanyeni makundi mawili ya watatu. Kila kituo dakika 15, na dakika 5 za kutembea. Kwa saa nne za doria, kila kundi linatembelea mara 12, jumla mara 24, yaani kila sehemu korofi inafikiwa mara nne kwa usiku mmoja. Saa hizo nne si lazima zifuatane. Daftari likionyesha kwamba wizi uko saa 3 hadi saa 5 usiku na saa 10 hadi saa 12 alfajiri, pumzisheni vijana katikati. Mlinzi wa usiku kucha huwa amelala saa 10, na saa 10 ndiyo mnayomhitaji.

Mpangilio wa vituo ubadilike kila siku, upangwe kwa kura za karatasi jioni. Doria nyingi hufia hapa: kundi hupita kwa mangi saa 4 kamili kila siku, na wezi wanajua hivyo kuliko mwenyekiti wa mtaa. Kosa jingine ni kufuata barabara pekee. Mlimani kwenu wezi wanatumia ngazi na mapito ya kati ya mawe, ambako hakuna gari wala pikipiki inayopanda. Jaribio la Philadelphia, Marekani, la mwaka 2009, ambapo polisi waliwekwa kwa miguu kwenye sehemu 60 zenye vurugu nyingi, lilipunguza uhalifu wa kutumia nguvu kwa asilimia 23. Miguu bado ni silaha nzuri.

Je, wezi hawatahamia mtaa wa pili? Tafiti nyingi zimeona kwamba mara nyingi hata jirani hufaidika. Hata hivyo jaribio kubwa la Bogotá, Kolombia, lilipata dalili kwamba wizi wa mali ulisogea mitaa ya karibu. Kwa hiyo shirikianeni daftari na kamati za jirani.

Na hili tunalisema kwa msisitizo. Sungusungu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku huku Usukumani na Unyamwezini, ng'ombe walipokuwa wanaibwa kila leo, na nguvu yake ilikuwa watu kujuana na kuitikia yowe. Iliharibika kila ilipogeuka mahakama ya viboko. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kijana wenu akimpiga mtuhumiwa, kesi inageuka: mwizi anakuwa mlalamikaji na mlinzi anaingia mahabusu.

SWALI: Tumeletewa polisi kata. Mikutano miwili ilikuwa mizuri, watu wakasema ya moyoni. Kisha akahamishwa na namba yake haipatikani. Huu ulinzi wa jamii una faida kweli? – Mwalimu mstaafu, Ilemela

JIBU: Mwalimu, swali lako limeulizwa na watafiti pia. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa pamoja katika nchi sita: Brazili, Kolombia, Liberia, Pakistani, Ufilipino na jirani zetu ng'ambo ya ziwa, Uganda. Maeneo mengine yalipewa mikutano ya polisi na wananchi, doria za miguu na njia za kupeleka malalamiko, mengine hayakupewa. Kwa jumla, imani kwa polisi haikupanda na uhalifu haukushuka.

Wapo wanaosoma hapo na kusema polisi jamii ni porojo. Sisi tunasoma sababu zilizotajwa: maofisa walihamishwa katikati ya kazi, wakubwa hawakuipa kipaumbele, na hapakuwa na vitendea kazi vya kushughulikia yale wananchi waliyoyasema. Mkutano unaozaa malalamiko yasiyofanyiwa kazi ni hasara kuliko kutokuwa na mkutano, maana aliyetaja jina la mwizi hadharani amebaki peke yake.

Kwa hiyo fungeni kazi kwenye kata, isifungwe kwa mtu. Ombeni namba ya simu iwe ya ofisi ya kata, laini na simu vibaki mezani ofisa akihama. Kila lalamiko lipewe namba na tarehe ya kujibiwa, tuseme siku 14, na mkutano unaofuata uanze kwa kusoma majibu kabla ya kupokea mapya. Hata jibu la "tumeshindwa, kwa sababu hii" linajenga. Ofisa anayehama akabidhi daftari mbele ya mtendaji wa kata, wote wasaini. Taarifa za siri zipokelewe faragha, zisisomwe mkutanoni.

SWALI: Nina duka la vifaa vya simu karibu na Makoroboi. Fundi aliniwekea kamera nne. Nilipoibiwa, mpelelezi akasema sura haisomeki. Nibadilishe mtambo wote? – Mfanyabiashara

JIBU: Pengine ni kamera moja tu ya kuhamisha. Kutambua sura ya mtu usiyemjua kunahitaji takriban pikseli 250 (vile vidoti vinavyounda picha) kwa kila mita moja ya upana wa eneo linaloonekana. Kamera yako ikiwa na pikseli 1,920 kwa upana, gawanya kwa 250: upana wake wa mwisho ni mita 7 na nusu hivi. Ikielekezwa kwenye uwanja wa mita 20, kila mita inabaki na pikseli 96, na utaona kwamba kuna mtu lakini hutajua ni nani. Weka kamera moja ya mlangoni tu, ikimtazama anayeingia, usawa wa mita 2 hadi 2.5. Iliyo juu ya dari huona kofia. Isitazame mwanga wa nje moja kwa moja, la sivyo sura inakuwa kivuli.

Usiku, taa ya kamera isiyoonekana kwa macho huakisiwa na utando wa buibui, picha yote ikawa ukungu. Hapa kwetu vijidudu vya ziwani vinavutia buibui, basi futa kioo kila wiki kwa kitambaa laini.

Hesabu na hifadhi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia karibu gigabaiti 22 kwa siku, nne ni 86. Diski ya terabaiti 1 itajaa kwa siku 11 au 12, kisha itajifuta yenyewe. Wengi hugundua wizi wa stoo baada ya wiki tatu! DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha, isiwekwe kaunta, mwizi huondoka nayo. Iwe na UPS, ile betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika saa ya mtambo nayo mara nyingine huvurugika.

Siku ya tukio usirekodi kioo kwa simu. Toa faili lenyewe kwenye flashi mpya. Andika saa ya mtambo na saa halisi ya wakati ule, nani amenakili na nani amepokea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kama haikuchezewa. Karatasi hiyo moja ndiyo majibu yako.

Usitegemee kamera peke yake. Mapitio ya tafiti za miaka 40 yaliona kwamba hupunguza uhalifu kwa wastani wa asilimia 13, na hufanya vizuri zaidi pale mtu anapozitazama moja kwa moja.

SWALI: Mdogo wangu ametambuliwa kwenye gwaride la utambulisho. Picha yake ilikuwa imeshasambazwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ni sawa? – Dada wa mtuhumiwa

JIBU: Pole, dada. Mweleze wakili jambo hilo leo, na muhifadhi ujumbe ule pamoja na tarehe na saa yake. Gwaride ni kupima kumbukumbu ya shahidi. Aliyekwisha kuona picha anatambua picha. Kanuni zinazofuatwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930 zinataka mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba ushahidi wa kuona kwa macho ni dhaifu, mpaka ielezwe shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa aina gani, na kama alimjua kabla. "Kulikuwa na taa" hakutoshi: taa gani, ilikuwa wapi, kali kiasi gani?

Na mtu asije na hoja kwamba kompyuta itatambua vizuri zaidi. Utafiti wa 2018 uliopima programu za kubaini jinsia kwa sura ulikuta moja ikikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1.

SWALI: Mashine za mitumbwi zinaibwa mwaloni, nyingine tunanyang'anywa majini. Tukiripoti tunaulizwa namba, hatuna. – Mvuvi, Ukerewe

JIBU: "Yamaha ya 15", yaani mashine za nguvu-farasi 15, ziko ziwa zima, bila namba polisi hawana cha kutafuta. Bamba la namba liko kwenye kishikio cha kufungia mashine, na mwizi hulibandua kwanza. Mashine nyingi zina namba nyingine kwenye kizibo cha chuma cha duara kwenye bloku, chini ya kifuniko. Ipige picha ikiwa safi. Ongeza alama yako kwa patasi ya kugongea herufi, sehemu mbili za ndani. Nakala ya risiti, picha na namba vikae kwa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo wako, na nyingine nyumbani, isiwe mtumbwini.

Mkivamiwa majini, anayeweza kuwa na simu ahifadhi mahali alipo kwenye ramani. Hilo hufanyika hata bila bando wala mtandao, maana simu hupokea moja kwa moja kutoka satelaiti. Ukifika penye mtandao piga 112, taja namba ya mashine na mahali hapo. BMU nayo ipeleke namba hiyo hiyo kwenye mialo ya jirani usiku ule ule, kabla mashine haijavuka kwenda Uganda au Kenya.