Presha iko sawa sasa hivi, niende kwa bingwa au nisubiri?

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 32, mimba ya pili, wiki ya 11 sasa. Ile ya kwanza presha ilipanda wiki ya 31 wakanilaza, wakasema ni dalili za kifafa cha mimba, wiki ya 33 wakanitoa mtoto kwa operesheni, akakaa kwenye mashine wiki tatu na sasa yuko chekechea anatusumbua nyumba nzima. Juzi nimeanza kliniki, presha 116 kwa 74, mkojo safi, mkunga kanipa tarehe ya kurudi. Nilitaka kumuuliza kama niende kwa daktari bingwa nikaona aibu, asije akaona namdharau, manake ni dada mzuri sana. Mume wangu anasema kama presha iko sawa huyo bingwa atatibu nini, na dada yangu anasema mabingwa ukiwaendea tu wanakutafutia ugonjwa mwisho wanakupasua. Nisubiri nione kama itapanda? Na nikienda nimwambie nini wakati siumwi?
Mama K.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Jibu nalitanguliza usije ukasomea nusu ukafunga: nenda, na uende ndani ya wiki hizi mbili tatu, usisubiri presha ipande.

Swali la mumeo ni zuri na wala simcheki, wengi tunafikiri hivyo, kwamba bingwa ni wa mgonjwa. Lakini wewe huendi kutibiwa presha ambayo huna, unapeleka historia. Mimba changa kwa kawaida inashusha presha kidogo, kwa hiyo hiyo 116 kwa 74 ya wiki ya 11 ni nzuri na tuishukuru, ila haikwambii chochote kuhusu wiki ya 31. Hizo dalili za kifafa cha mimba, kabla ya kifafa chenyewe cha degedege, zinajionyesha baada ya wiki ya 20, ila chanzo chake mara nyingi kiko huku mwanzoni, wakati kondo la nyuma linajishikiza kwenye mji wa mimba na mishipa ya damu ya mama inatakiwa itanuke ili damu ipite kwa wingi. Isipotanuka vizuri kondo linabaki na kiu, na miezi ya baadaye linaanza kumwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyochokoza mishipa, figo na ini, ndipo unaona presha 140 kwa 90 na kuendelea na protini kwenye mkojo. Sasa wewe kondo lako ndo linajengwa hivi tunavyoongea.

Ndo maana nakuharakisha. Kuna aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku kutegemea daktari wako anafuata mwongozo gani, inaanzwa kuanzia wiki ya 12 na vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16. Mwaka 2017 yalichapishwa majibu ya utafiti uliochukua wajawazito 1,776 walioonekana wako kwenye hatari kubwa, wengine wakapewa aspirini wengine vidonge vya danganya toto, na waliopata dalili za kifafa cha mimba za kuwalazimisha kuzaa kabla ya wiki ya 37 walikuwa asilimia 1.6 upande wa aspirini na 4.3 upande wa pili. Ukisubiri presha ipande ndo uende, huo mlango umeshafungwa. Lakini usiende dukani ukajinunulia, kuna watu haiwafai, mfano wenye vidonda vya tumbo au wenye mzio nayo, hilo aamue anayekusikiliza na kukupima.

Hilo moja. La pili ni hilo kovu lako, na hapa watu wengi hawajui. Mimba ya wiki 33 sehemu ya chini ya mji wa mimba wakati mwingine haijatanuka vya kutosha, kwa hiyo daktari anaweza kulazimika kuukata kwa wima kule ndani hata kama nje kwenye ngozi umebaki na kamstari ka kulala kazuri kabisa ka kuvalia bikini. Kovu la wima lina hatari kubwa zaidi ya kuachia wakati wa uchungu, na la kulala mara nyingi linaruhusu ujaribu kuzaa kawaida. Wewe ukijiangalia kwenye kioo huwezi kujua, mimi nikikuangalia siwezi kujua, liko kwenye maandishi ya ile operesheni. Kwa hiyo mwambie dada yako kwamba bingwa anayesoma hayo maandishi mapema ndo huyohuyo anayeweza kukwambia safari hii jaribu njia ya kawaida.

Unauliza umwambie nini. Mwambie hivi hivi ulivyoniandikia mimi, umeandika vizuri kuliko kadi nyingi nilizosoma. Beba karatasi za kuruhusiwa hospitali za ile mara ya kwanza, kama hujui ziko wapi omba nakala kule ulikozalia. Atakuuliza presha ilirudi chini lini baada ya kuzaa, pengine atapima damu ya figo na ini sasa hivi ukiwa mzima ili baadaye akipima tena awe na cha kulinganisha, na mtapanga altrasaundi za kufuatilia mtoto anavyokua. Muulize pia swali la kuzalia wapi, manake ikitokea tena unataka uwe karibu na wanaoweza kulea njiti. Na kama kuna dawa yoyote ya presha uliyobaki nayo usiimeze bila kumwonyesha, zipo zinazomdhuru mtoto tumboni. Halafu jua kwamba kwa wengi hairudi kabisa, na wengi ikirudi inakuja imechelewa na nyepesi.

Kuhusu aibu ya mkunga. Nimekuwa mkunga miaka mingi na sijawahi kuchukia mama aliyeniambia naomba uniandikie rufaa. Kilichowahi kuniuma ni kitu kingine. Mama mmoja alikuja wiki ya 30 ameshika kichwa, anasema taa zina vimulimuli na chini ya mbavu kulia panamchoma, anadhani ni vidonda vya tumbo. Namfunga kile kitambaa cha mkononi, 170 kwa 115. Nafungua kadi yake kutafuta historia, pale kwenye mimba iliyopita pameandikwa “mtoto hai” basi, kumbe na hiyo presha ilikuwa imempanda vilevile na hakusema kwa sababu hakuulizwa. Tulimchoma magnesiamu ya kuzuia degedege na dawa za kushusha presha, akapona na mtoto akapona, lakini aliyeandika ile kadi ni mimi, mwandiko wangu kabisa. Kwa hiyo msaidie mkunga wako, mwambie. Na hutamuacha, kliniki yake unaendelea nayo kama kawaida, bingwa hatakuona kila mwezi.

Miadi ya bingwa ikiwa mbali, mfano wanakwambia wiki ya 20, usikae kimya, rudi kwa mkunga au daktari yeyote umuulize habari ya aspirini wiki hii. Na zile dalili za yule mama, pamoja na uso au mikono kuvimba ghafla, kutoka damu, chupa kupasuka au mtoto kupunguza kucheza, hazisubiri miadi ya mtu, unaenda hata saa nane usiku.

SWALI: Nina mapacha, wiki ya 13, mimi mzima sina tatizo. Nahitaji bingwa?

JIBU: Ndiyo, na kabla hata hujamfikia uliza swali moja kwenye altrasaundi: kondo ni moja au mawili? Linaonekana vizuri kabla ya wiki ya 14, baadaye inakuwa ya kubahatisha, kwa hiyo nenda wiki hii hii. Mapacha wa kondo moja wanaweza kugawana damu vibaya, mmoja akazidiwa mwingine akapungukiwa, ndo maana wanaangaliwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Wakiwa na kondo mbili kuna nafasi zaidi ya kupumua.

SWALI: Nina miaka 36, mimba ya tatu, mbili za kwanza hazikuwa na shida yoyote, shoga zangu wananitisha na umri.

JIBU: Kama presha, sukari na mkojo viko sawa, huna ugonjwa wa muda mrefu na uzazi wako wote ulikuwa salama, umri huo peke yake haunifanyi nikukimbize kwa bingwa. Mtajie mkunga wako umri, aongeze kipimo cha sukari kama anaona kinafaa, na mashoga waambie nimekusalimia.