Ruta ya Wi-Fi kwenye laini ya DSL: simu inashika, intaneti haiji

Mkuu, kama nimekuelewa, kampuni ya intaneti ilikupa modemu ya DSL, yaani kifaa cha kupokea intaneti kupitia waya wa simu ya mezani, yenye tundu moja tu la kebo, ukaenda kununua ruta ya Wi-Fi, na sasa simu inashika Wi-Fi vizuri ila hakuna kinachofunguka zaidi ya ukurasa wa ruta yenyewe. Yalinikuta hayo nikiwa nimepanga Upanga. Wiki mbili nzima nilimlaani muuza duka wa Kariakoo, na maskini hakuwa na kosa.

Anza kwa kuigeuza ruta uangalie mgongoni. Ikiwa na tundu dogo lililoandikwa DSL au LINE, ina modemu ndani, unachomeka waya wa simu moja kwa moja. Kama matundu yote yana ukubwa mmoja na moja limeandikwa WAN (la kupokea intaneti kutoka nje), haina modemu. Yangu ilikuwa ya aina hii ya pili, nami nikachomeka waya wa simu kwenye WAN. Unaingia, usidanganyike! Kile kichwa ni chembamba kuliko tundu, kinacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Taa haiwaki, nawe umekaa unasubiri.

Kwa hiyo modemu ya kampuni inabaki. Waya wa simu kwenye modemu, kebo ya mtandao kutoka modemu hadi WAN ya ruta. Nadhani hapo umeshafika. Umesema ukurasa wa ruta unafunguka kwa anwani 192.168.1.1. Nina uhakika karibu wote kwamba modemu nayo inatumia hiyo hiyo 192.168.1.1. Ruta ikitafuta mlango wa kutokea, inajikuta yenyewe.

Chomoa kebo ya modemu kwanza, usije ukaingia kwenye modemu badala ya ruta. Ingia kwenye ruta, sehemu ya LAN (mtandao wa ndani ya nyumba), weka 192.168.2.1, hifadhi. Itajizima na kujiwasha, simu itakatika kidogo, usishtuke. Rudi kwa anwani mpya, nenda WAN, chagua ipokee anwani yenyewe kwa DHCP, kisha rudisha kebo. Watu wengi hapa huharibu kwa kuandika jina na nywila ya PPPoE (njia ya kujitambulisha kwa kampuni) kwenye ruta pia. Vimeshawekwa kwenye modemu, yenyewe ndiyo inayoingia kwa kampuni kwa niaba ya nyumba nzima.

Wapo watakaokwambia uigeuze modemu iwe briji, yaani ipitishe tu intaneti, ruta ndiyo ibebe PPPoE. Ni sawa, hasa ukiwa na kamera unayotaka kuiangalia ukiwa safarini. Kwa matumizi ya kawaida sioni haja ya kujitafutia kazi.

Ila nakuomba, kitufe cha riseti cha modemu usikiguse. Mimi nilikibonyeza kwa njiti ya kibiriti, taa zote zikazima, zikawaka. Taa ya DSL ikatulia kijani, ya intaneti ikabaki nyekundu. Kumbe nimefuta jina, nywila na zile namba mbili za VPI na VCI, zinazoitambulisha njia ya data kwenye laini, ambazo hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Fundi alifika siku ya nne. Kwa hiyo fungua kurasa za setingi za modemu leo, uzipige picha kwa simu. Na tangu siku ile nazisoma taa: ya DSL ikipepesa bila kutulia, tatizo liko kwenye waya, ikitulia na ya intaneti ikawa nyekundu, tatizo ni setingi au akaunti.

Halafu filta, kile kidude cha kutenganisha sauti ya simu na intaneti kwenye waya. Tulikuwa na simu ya mezani chumbani, haina filta. Shangazi akipiga kutoka Tanga, mlio wa kwanza tu, intaneti chali. Tulisingizia Wi-Fi miezi. Sauti inapita masafa ya chini ya waya, DSL ya juu, na simu isiyo na filta inavuruga yote. Kila simu iwe na filta yake. Modemu yenyewe haipiti kwenye filta.

Upande wa Wi-Fi weka ulinzi wa WPA2, badilisha na nywila ya kuingilia kwenye ruta, ile ya kiwandani imeandikwa chini yake na kila mgeni anaiona. Ukiwa kwenye ghorofa lenye Wi-Fi nyingi, jaribu chaneli 1, 6 au 11.

Spidi ikiwa ndogo, pima kwa laptop iliyochomekwa kwa kebo kwenye modemu kabla hujatoa hela tena. ADSL2+, aina mojawapo ya DSL, hufika megabiti 24 kwa sekunde, lakini kwa aliye karibu na eksichenji (kituo cha kampuni ya simu). Yangu ilitoa 4 hata kwa kebo. Ruta ya laki tatu isingeongeza hata moja.

Badilisha hiyo anwani ya LAN kwanza, halafu tupe mrejesho. Ikigoma, taja taa zipi zinawaka kwenye modemu na rangi zake.