GL-5 sio kaka mkubwa wa GL-4: jibu kwa mwenye WRX ya manyuo

SWALI: Habari fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya turbo, manyuo, gia tano. Asubuhi ikiwa baridi gia ya pili inagoma kuingia, ikishapata moto inaingia ila nikibadilisha haraka inakwaruza kidogo. Fundi wa kwanza kaniambia nimwage oili ya gia ya GL-5 niweke ya GL-4 maana GL-5 inakula shaba za sinkro. Wa pili anasema gari ya pawa inataka oili nzito, niweke 85W-140 na kichupa cha dawa ya giaboksi. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize yeyote kati yao mkuu. Weka 75W-90 ya GL-5, ndio kitabu cha hiyo gari kinavyosema, iwe sintetiki, na hicho kichupa kirudishe dukani. Kama una haraka ishia hapo. Kama una muda kaa, maana hili la GL-4 na GL-5 naulizwa karibu kila wiki na kila anayekuja ameshachanganywa na watu watatu kabla yangu.

Fundi wa kwanza hajatunga, kasikia jambo la kweli akalipeleka pasipo pake. Ring'i ya sinkro ni ya shaba na kazi yake ni kusugua, inaikamata gia ipunguze au iongeze spidi mpaka zilingane ndio iingie. Sasa GL-5 ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi, GL-4 kwa kawaida ina kama nusu yake, na hiyo dawa ikipata joto la meno yanayokandamizana inajenga utando unaozuia chuma kugusana na chuma. Kwa sinkro utando huo ni tatizo, inateleza badala ya kukamata, na oili za zamani salfa yake ilikuwa kali mpaka inachoma shaba ikawa nyeusi. Mpaka hapo fundi wako yuko sawa.

Ila hajalala chini ya hiyo gari akaangalia. Giaboksi ya WRX, pale zinapotokea shafti mbili za tairi za mbele, humo ndani kuna difu ya mbele nzima (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili), krauni yake, ile gia kubwa ya duara, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na inaogelea kwenye oili ileile ya gia. Hakuna ukuta wala sili katikati, chungu kimoja kinapika vyote. Na ile krauni ni haipoidi, yaani pinioni haijalenga katikati ya krauni, imesogezwa pembeni, kwa hiyo meno hayagusani na kuachana tu, yanaburuzana yakiwa yamebeba mzigo wa injini. Kuburuzana huko ndiko GL-5 ilikotengenezewa. Ukiweka GL-4 sinkro zako zitafurahi, gia zitaingia kama kisu kwenye siagi na utamsifia huyo fundi, halafu baada ya muda utaanza kusikia mlio mwembamba kama inzi kwenye chupa ukiachia mafuta ukiwa spidi, hapo krauni ndio inakuaga. Ukilinganisha bei, sinkro ni mchezo wa watoto mbele ya krauni na pinioni. Oili za GL-5 za kisasa zilizo nzuri salfa yake imetulizwa, haichomi shaba kama zile za zamani, ndio maana kiwanda chenyewe kinaziweka humo.

Sasa kinachonichosha zaidi. Watu wanasoma GL-4 na GL-5 kama madaraja ya mtihani, nne iko chini, tano iko juu, mwenye hela anunue tano. Hiyo namba inakwambia oili imeandaliwa kwa gia za aina gani na mzigo gani, basi. Tano haiwi nne iliyoboreshwa, kama ambavyo nyundo haiwi bisibisi iliyoboreshwa. Kwa hiyo swali la kuuliza sio ipi bora, ni ndani ya hili boksi kuna nini. Kwenye WRX yako kuna sinkro na haipoidi pamoja, jibu linaegemea GL-5. Chukua Lancer Evolution, na yenyewe inavuta tairi zote nne, ila injini imelala kwa upana, giaboksi iko kivyake, transfa, ile inayopeleka nguvu nyuma, ina oili yake, difu ya nyuma ina yake. Pale ukijaza GL-5 kila tundu kwa sababu "ni ya juu" umeikosea giaboksi, ukijaza GL-4 kila tundu umeikosea transfa na difu. Na hizi zenye kaplingi ya Haldex, klachi inayounganisha tairi za nyuma zikihitajika, kama Golf R au Audi S3, kaplingi ina oili yake maalumu nyembamba na difu ya nyuma ina gia oili, zimekaa ubavu kwa ubavu na nati zake ziko karibukaribu. Nilishaletewa gari moja ya namna hiyo fundi kajaza gia oili kwenye kaplingi, ile pampu ndogo ya umeme ikahangaika kuisukuma kama mtu anayevuta uji mzito kwa mrija mpaka ikafa, mwenye gari yeye anashangaa mbona nyuma hakuvuti tena.

Fundi wa pili simchelewi. Gari ya pawa haitaki oili nzito, inataka oili iliyokusudiwa. Na kitu kimoja wengi hawakijui, namba za gia oili na za oili ya injini zinapimwa kwa rula mbili tofauti, 90 ya gia ikiwa moto inakaribiana na 40 au 50 ya injini, kwa hiyo anayekwambia 75W-90 ni lami hajawahi kuimimina. Ile 85W-140 ndio lami. Upande wa baridi, 75W inapimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 tu chini ya sifuri, yaani 85W inakuwa nzito mapema zaidi kwenye baridi, sasa wewe unalalamika gia ya pili inagoma asubuhi, mtu anakushauri uongeze uzito! Sinkro inatakiwa kwanza iipasue oili ndio iguse koni ya gia, ukiifanya nzito umemfunga mikono.

Kichupa ndio kabisa. Vingi vya hivyo ni vya kutelezesha, molibdeni au grafiti au kitu cha jamii hiyo, na nimeshakwambia sinkro inaishi kwa kusugua, kwa hiyo unalipia kuiua. Dawa pekee ninayoikubali ni ile ya LSD ya klachi (LSD ni difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure), na yenyewe kama kitabu kimesema na oili uliyonunua haijawekewa tayari, maana ukizidisha LSD inateleza na unabaki na difu ya kawaida ya bei ghali. LSD ya gia tupu kama Torsen haina klachi za kulainishwa, haihitaji hiyo kitu.

Halafu kabla hujanunua chochote, hakikisha ni sinkro kweli. Gari imezimwa, ingiza gia ya pili na ya kwanza, halafu rudisha fri. Washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano, weka rivasi. Ikikwaruza hapo wakati gari imesimama, klachi haiachii vizuri na hakuna oili duniani itakayokuponya. Ikiingia kimya kimya ila ya pili peke yake inagoma, basi ni sinkro imeanza kuisha, oili sahihi itakupunguzia kero ila shaba iliyolika hairudi. Anayekuahidi itarudi anataka hela yako.

Kumwaga ipashe kwanza moto kidogo, iegeshe sehemu iliyo sawa. Giaboksi inachukua karibu lita 3.5, unajazia kwenye tundu la kijiti cha kupimia. Difu ya nyuma kama lita 0.8, na hii nakuomba, legeza nati ya juu ya kujazia KABLA hujagusa ya chini. Vijana wanamwaga kwanza, wakija kwenye ya juu imeshika kutu haitoki, gari imekauka iko juu ya jeki na jua linazama.

Ukitoa nati ya chini angalia sumaku yake. Uji laini wa kijivu, kama majivu yaliyolowa, futa na uendelee. Vumbi la rangi ya dhahabu kwenye oili ni shaba ya sinkro. Ila ukikuta kipande chenye kona unachoweza kukishika kwa kucha, usijaze oili mpya, kipige picha kikiwa kiganjani unitumie na gari ibaki hapohapo ilipo.