Siku ya tatu ndiyo yenyewe

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukiacha sigara unarudia siku ya pili au ya tatu. Si kwamba huna msimamo. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayokufanya uitamani sigara, huisha mwilini ndani ya siku tatu hivi, na hapo ndipo hamu inapobana kuliko wakati wote: hasira za bure, kichwa kizito, usingizi wa kuruka ruka. Ukivuka hapo, inaanza kulegea.

Mimi nilivuta miaka 11 nikishusha dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Pakiti sikuwa nanunua, nilimalizwa na kibanda kinachouza moja moja. Saa kumi na moja alfajiri, kikombe cha kahawa mkono wa kushoto, wa kulia unaenda kwenye sigara wenyewe kabla sijaamua. Nikahamia chai ya tangawizi, mkono nikaupa karanga. Utacheka, lakini mkono usio na kazi ndio uliokuwa unaniponza.

Hamu ikija haikai, ni dakika chache tu. Nawa uso, zunguka kidogo, ukirudi imepita. (Nawa maji ya bomba, ziwani kuna kichocho.)

Kosa langu lilikuwa "moja tu" harusini. Ilinirudisha kwenye sigara kwa miezi minne. Na usikimbilie ugoro, nikotini ni ileile.

Kikohozi kikiongezeka wiki za mwanzo usishtuke sana, ila kikigoma kuisha nenda kapime. Siku hizi napanda kilima cha Bugando bila kusimama njiani.

Ya mwisho umevuta saa ngapi?